Sekunde Nne

Mwandishi ni mimi. Goti langu la kushoto
lilistaafu kabla yangu,
klabu ikanipa saa ya kupimia na daftari la mistari,
jaladani twiga amesimama, hana haraka.

Msimu wetu huanza miombo ikitoa majani mekundu,
mvua ikiwa bado uvumi,
vumbi la Isevya likipanda hadi kwenye nyusi.
Jumapili nne, mbio nne,
kilomita kumi kila moja:
stesheni, Cheyo, Ipuli, na kurudi.
Saa kumi na moja na nusu alfajiri
tunasalimiana, mwangaluka, mwangaluka,
kwa sauti za watu ambao hawajanywa chai.

Yupo Luhende wa reli,
usiku kucha anabadilisha njia za treni,
asubuhi anakuja mbioni na tochi mfukoni.
Kila mwaka hutukumbusha kuwa babu zetu
walikwenda pwani kwa miguu, pembe begani.
Yeye Ipuli hafiki bila kuinama kufunga kamba
za raba zisizo na kamba.

Wapo Kulwa na Doto,
wakikaribia mstari wanasukumana
kama bado wanagombea mlango wa kuzaliwa.
Nimewaandikia muda mmoja mara tatu.
Mama yao alikuja kuniuliza: kweli?

Na Nyamizi.
Anauza asali sokoni, vidole vinanata,
tunamtania kuwa namba ya kifuani haihitaji pini.
Anataka kitu kimoja tu,
kushuka chini ya dakika hamsini.
Mbio ya kwanza: hamsini na mbili.
Ya pili: hamsini na moja na ushei.
Ya tatu hakuja, mwanawe alikuwa na homa,
nikaiacha nafasi yake wazi
kama kiti cha mgeni aliyesema yuko njiani.

Ya nne, mvua ikaikumbuka Tabora.
Haikunyesha, ilimwagwa.
Barabara ya Ipuli ikawa uji,
Doto akapoteza kiatu, Kulwa akacheka,
akaanguka palepale alipochekea.
Nyamizi akatokea peke yake ndani ya maji,
mdomo wazi, akiinywa mvua.
Nikabonyeza.
Hamsini, na sekunde nne.

Sekunde nne ni nini?
Ni kumpisha ng'ombe pale Cheyo.
Ni chafya mbili.

Nyumbani nikakuta daftari limelowa chapachapa,
wino wa bluu umekimbia kuliko sisi wote.
Nikalianika kando ya jiko,
nikanunua jipya, nikaanza kuandika nilichokumbuka.
Luhende: saa moja na robo.
Mapacha: muda mmoja, nimechoka.
Nyamizi: hapo kalamu ikasita,
kisha ikaandika arobaini na tisa, hamsini na nane.
Nasema ikaandika,
kana kwamba haikuwa mkononi mwangu.

Jumapili iliyofuata nilisoma matokeo
chini ya paa la stesheni.
Wakapiga makofi, Luhende akapiga na tochi.
Nyamizi hakushukuru.
Alinitazama kama anavyotazama
asali iliyotiwa sukari.

Jumatatu, giza halijaondoka,
mlango wangu ukagongwa.
Jezi ileile, raba zimefuliwa.
"Chukua saa yako," akasema,
"na lile daftari bovu. Si hilo jipya."

Sasa nimekaa hapa kwenye jiwe la mstari,
kurasa zimejikunja kama majani makavu ya tumbaku,
nimetafuta iliyobaki safi nikaipata moja.
Treni ya Kigoma imepiga honi na kwenda zake.
Mwenye chai ameniuliza leo kuna mbio gani,
nikamwambia ndogo tu, ya mtu mmoja.
Saa inasoma arobaini na nane na nusu.
Njia ya Cheyo ni tupu,
kuna mbuzi, kuna baiskeli ya mkaa,
na nyuma ya baiskeli
kitu kinasogea, sijajua ni nani.
Kidole kiko juu ya kitufe.
Safari hii hakitamsaidia mtu.